Chui wa Unguja: wanaosema wamemwona wanatuambia nini hasa?

Mkaazi wa Kusini (mwanzisha uzi):

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kila baada ya muda hutokea mtu akasema chui, ambaye wengi wanaamini alikwisha, ameonekana tena Unguja, ama upande wa Jozani, ama Muyuni, ama kwenye uwanda wa mashariki, na kila mara mazungumzo huishia kwa wanaoapa na wanaocheka. Nimeona nifungue uzi mmoja tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa sababu naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Wote wanampima shahidi, kama ni mkweli au mwongo, na hakuna anayekipima alichokiona.

Tumjue kwanza mnyama mwenyewe. Chui wa Unguja alielezwa kitaalamu mwaka 1932 na Mwingereza Reginald Innes Pocock, aliyempa jina la *Panthera pardus adersi* kwa heshima ya Dokta Mansfield-Aders, mtaalamu wa viumbe katika utumishi wa serikali ya Zanzibar. Paa nunga naye amepewa jina la daktari huyo huyo, kwa hiyo mla na mliwa wamebeba jina la mtu mmoja. Kilichomvutia Pocock ni madoa. Kwa chui wa bara madoa hujipanga duara kama ua, lakini kwa huyu wa kisiwani yalikuwa madogo, yamevunjikavunjika na kuwa vitone vingi vilivyosongamana, na umbo lake lilikuwa dogo kuliko la wenzake wa ng'ambo.

Namna alivyofika huku si muujiza. Zamani Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu wanyama waliokuwa upande huu wakabaki huku. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta hata mifupa ya punda milia. Punda milia hakudumu kisiwani. Chui alidumu, akala paa, chesi, kima na pelele, na mara nyingine mbuzi wa watu, na humo ndimo uadui ulimoanzia.

Ngozi zake zilizotambuliwa katika makumbusho ya dunia ni sita tu, ikiwemo ile aliyoitumia Pocock, iliyoko London, na yule aliyejazwa aliyekuwa akionyeshwa katika Makumbusho ya Mjini. Huyo wa Mjini nilimwona utotoni nikiwa na marehemu babu yangu. Rangi ilikuwa imemtoka, madoa yamebaki kama matone ya chai kwenye kanzu kuukuu, na sikio moja limekunjika. Babu alisimama mbele yake kitambo, kisha akasema: «Huyu kafanywa mdogo. Niliyemwona mimi alikuwa na shingo ya ndama.» Kwa miaka mingi niliyachukua maneno yale kuwa ushahidi kwamba makumbusho yalikuwa na chui asiye wetu. Leo nayasikia kwa namna nyingine. Chui wa babu alikuwa amekua kichwani mwake kwa miaka 40, na yule wa makumbusho alikuwa amekauka kwa muda kama huo, na hapakuwa na njia tena ya wawili hao kukutana.

Nasema haya si kwa kumdharau babu. Alikuwa msasi, na chui alimwona kweli, kwa sababu wakati wake chui walikuwapo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuona kitu kweli na bado tusiweze kukitumia alichokiona kujibu swali tunalouliza leo.

---

Mkaazi wa Kusini (inaendelea):

Sasa nije kwenye sehemu ambayo watu wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo kiini.

Wengi wetu tuliokulia mashamba tulilelewa tukijua kwamba kuna chui wa msituni na kuna chui wa kufugwa. Huyu wa pili ana mwenyewe. Hulishwa, hufundishwa, hutumwa kwa adui, hurithiwa, hata huazimwa. Mbuzi akiliwa usiku, swali halikuwa «chui katoka wapi?» bali «chui wa nani?» Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, walioandika kuhusu mambo haya kwa miaka mingi, walieleza jinsi imani hiyo ilivyowapa wakulima jibu lililo tayari la kwa nini mnyama wa msituni anaonekana kwenye konde au uani kwa mtu. Msitu ulikuwa ukikatwa kwa kuni, kwa tanuri za chokaa na kwa mashamba mapya, paa nao walikuwa wakisakwa, na chui aliyesongwa na yote hayo alipokaribia vijiji ikasemekana kuwa katumwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Ilikuwa kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui kwa pamoja, maana katika fikra za wakati ule lilikuwa jambo moja. Wazee wa vijiji vingi wanaikumbuka hadi leo, ingawa si wote wanaopenda kuizungumza mbele ya wageni, kwa sababu waliotajwa kuwa wafugaji wa chui walikuwa majirani, mashemeji na watu wa ukoo.

Angalieni basi ushahidi uliotumika wakati ule ulikuwa wa namna gani: fulani ameona macho yaking'aa nyuma ya nyumba ya fulani, fulani amesikia mkoromo usiku, fulani amekuta mbuzi amepasuliwa. Hakuna aliyeuliza unyayo una upana gani, wala mbuzi aling'atwa kooni au mapajani. Kwa ushahidi wa namna hiyo chui waliuawa na watu wakaaibishwa. Leo tunaambiwa chui yupo, na tunaletewa macho yale yale, mkoromo ule ule na mbuzi yule yule. Mimi sikubali, na singekubali hata kama habari yenyewe ingenifurahisha, na kwa kweli ingenifurahisha sana.

Miaka ya 1990 watu waliokuwa wakitafuta namna ya kumhifadhi chui huyu waliishia kuona kwamba matumaini ya kudumu kwake ni madogo mno, na mpango ukawekwa kando. Katika kipindi hicho hicho wapo wanavijiji waliojitolea kuwaonyesha wageni chui wa kufugwa kwa malipo. Malipo yalizungumzwa, safari zikapangwa, chui hakuonekana. Mwaka 2003 kamera za mtego, zile zinazofungwa mtini na kujipiga zenyewe mnyama anapopita, zilitegwa Jozani, zikapata picha za kwanza za kanu wa Unguja, mnyama mdogo ambaye sayansi ilikuwa imemtambua miaka michache tu kabla. Chui hakupita mbele ya kamera hizo.

Kisha mwaka 2018 mtangazaji wa Marekani, Forrest Galante, akaonyesha katika televisheni ya Animal Planet kipande kifupi cha chui kilichonaswa na kamera ya mtego kisiwani kwetu. Wengi humu walilia kwa furaha. Nitarudi kwenye kipande hicho, lakini kwanza nawapisha wenzangu.

---

Msasi Mstaafu alijibu:

Wa alaykumu s-salaam, Mkaazi. Nimekusoma hadi mwisho na nina neno. Umezungumza kama kwamba wanaoona ni watu waliopitiwa na vivuli usiku. Mimi nimesaka nguruwe miaka 20, nafahamu komba, nafahamu ngawa, nafahamu mbwa aliyepotea. Mwaka mmoja, alfajiri, nikiwa na wenzangu wawili maweni, tuliona mnyama akivuka njia mbele yetu, mrefu, mkia unakaribia chini, madoa hadi miguuni. Mbwa wetu waligoma kusonga. Hatukumwambia mtu kwa sababu tulijua tutaulizwa ni wa nani. Sasa wewe unaniambia niseme nini? Niseme sikumwona?

---

Mkaazi wa Kusini alijibu:

Hapana, ami yangu, usiseme hukumwona. Na jambo ulilolitaja la kunyamaza kwa kuogopa kuulizwa «ni wa nani» ni zito kuliko hoja zangu zote, kwa sababu linaonyesha kwamba ukimya wa vijiji nao haumaanishi kwamba hakuna kitu.

Ninachokuomba ni maelezo madogo madogo. Mwaka gani? Mlikuwa umbali wa hatua ngapi? Mkia ulikuwa na pete au madoa? Nauliza mkia kwa sababu kanu naye ana madoa na ana mkia mrefu, wenye pete, lakini uzito wake ni kilo mbili hivi, na ngawa ni mnene zaidi, ana madoa na mistari, nywele za mgongo husimama akishtuka na huonekana mkubwa kuliko alivyo. Alfajiri, mahali pasipo na mti wala mtu wa kulinganishia, jicho la msasi hodari linaweza kuongeza ukubwa mara mbili.

Ukirudi pale, ardhi husema vizuri kuliko macho. Unyayo wa chui hauna alama za kucha, kwa sababu kucha zake huzirudisha ndani anapotembea, na kisigino chake upande wa nyuma kina mabonde mawili yanayokigawa sehemu tatu. Mbwa huacha kucha, na ngawa huacha kucha. Tatizo letu, kama unavyojua, ni kwamba maweni hayashiki unyayo, na penye mchanga pamekanyagwa na watu, punda na baiskeli kabla jua halijapanda.

---

Msasi Mstaafu alijibu:

Ilikuwa kabla ya mwaka 1995, hatua 30 hivi. Pete sikuziona. Unyayo hatukutazama, tuliwashika mbwa tukarudi.

---

Mkaazi wa Kusini alijibu:

Basi ami, kwa mwaka huo mimi nakuamini bila shida kubwa. Sijasema kwamba chui walikwisha siku Kitanzi alipomaliza kazi yake. Shaka yangu ni ya miaka ya karibuni, na sababu yake ni hesabu ya kawaida.

Chui wa mwituni haishi sana, miaka 12 au 15 ni umri mkubwa kwake. Kama chui wa 2018 ni mzaliwa wa Unguja, basi alizaliwa baada ya 2003 au karibu na hapo, na maana yake wakati huo alikuwapo jike mzima na dume mzima, nao walikuwa na wazazi wao. Kwa hiyo anayesema chui mmoja yupo leo, asema asiseme, anadai kuwapo kwa ukoo mzima uliozaana kimya kimya katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,700, huku watu wakiongezeka hadi sensa ya 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9 Zanzibar nzima, walio wengi wakiwa Unguja. Ukoo huo usiwe umegongwa na gari hata mara moja kwenye barabara ya Paje, usiwe umenaswa kwenye mtego wa paa, mmoja wao asiwe amekutwa amekufa kando ya kisima. Inawezekana, lakini aliye upande huo ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha.

---

Mtu wa Bara alijibu:

Habari za humu, wakuu. Mimi si wa Unguja, ila nimefanya kazi za porini miaka kadhaa na naona Mkaazi anakaza sana. Chui si simba. Anaweza kukaa karibu na watu bila wao kujua. Mumbai, katika nchi ya India, kuna chui wengi ndani ya hifadhi ya Sanjay Gandhi, katikati ya jiji la mamilioni ya watu, wanakula mbwa wa mitaani usiku na asubuhi hawaonekani. Tena kuna mifano ya paka wakubwa kurudi mahali walipofutwa kwenye orodha. Gabon walikuwa wameshahesabu kwamba simba wamekwisha katika nyanda za Batéké, na mwaka 2015 kamera ya mtego ikampiga picha dume mmoja. Chad, katika hifadhi ya Sena Oura, simba jike alipigwa picha mwaka 2023 baada ya karibu miaka 20 ya kutoonekana. Kwa nini Unguja isiwe hivyo?

---

Mkaazi wa Kusini alijibu:

Ahsante, mkuu, hii ndiyo hoja niliyokuwa nikiisubiri.

Kuhusu Mumbai, chui wale hawajifichi kama unavyodhani. Wanapigwa picha, wanahesabiwa mmoja mmoja kwa madoa yao, kwa sababu madoa ya chui ni kama alama za vidole na hakuna wawili wanaofanana. Wanaingia kwenye ngazi za majengo na kamera za ulinzi zinawanasa. Mji wenye chui huacha ushahidi wa chui, hata kama mtu mmoja mmoja anaweza kuishi miaka yote asimwone.

Mfano wa Gabon ni mzuri, lakini tazama ulivyokamilishwa. Picha ya kwanza haikuwa mwisho wa kazi. Simba yule aliendelea kupigwa picha katika miaka iliyofuata, nywele zake zikachukuliwa, na vinasaba vyake vikalinganishwa na vya simba wa zamani wa eneo hilo waliohifadhiwa makumbusho, ikaonekana ni wa asili ile. Pia Gabon na Chad zina ardhi inayoungana na ardhi nyingine, na simba dume kijana anaweza kutembea mamia ya kilomita. Kati ya Unguja na bara kuna mkondo wa bahari wa zaidi ya kilomita 30. Chui huogelea, lakini sijasikia anayevuka mkondo ule.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, nenda kisiwa cha Java. Chui milia wa Java ametangazwa kuwa ametoweka, lakini mwaka 2019 mkaazi wa Sukabumi akasema amemwona, na unywele mmoja ukachukuliwa kwenye uzio karibu na mahali hapo. Mwaka 2024 watafiti wakachapisha kwamba vinasaba vya unywele ule vinalingana na vya chui milia wa Java. Haukupita muda wataalamu wengine wakaupinga uchambuzi huo. Mimi sina la kuamua kati yao, ila nimeupenda mwenendo wake. Shahidi alisema, mtu akaenda pale pale aliposema, akarudi na kitu kinachoshikika, na sasa ubishi ni juu ya kitu hicho, wala si juu ya heshima ya shahidi.

Nirudi sasa kwenye kipande cha 2018, kama nilivyoahidi. Sidai kwamba ni cha uongo. Kinaonyesha chui. Lakini picha moja hujibu swali moja, nalo ni kama kamera ile ilipitiwa na chui. Haisemi kama alizaliwa hapa au aliletwa, wala haisemi kama yuko mwenzake. Kwa maswali hayo tunahitaji kinyesi, unywele, au picha nyingine ya ubavu ule ule itakayotuambia kama ni yule yule au mwingine.

---

Binti Uwanda aliandika:

Nimekaa kimya nikisoma, lakini naona mnazungumza kama kwamba mbuzi wanaoliwa si wa mtu. Mimi ni mfugaji mdogo wa mashariki, na mwaka juzi nilipoteza mbuzi watatu kwa wiki moja. Majirani walisema chui, na wengine wakaanza kutaja jina la mzee mmoja jirani yetu ambaye hana hata nguvu ya kuchota maji. Nilikwenda mwenyewe asubuhi kutazama. Yule wa tatu alikuwa ameraruliwa nyuma, mapajani na tumboni, na mwingine alikuwa bado hai akihema. Manyoya yalitawanyika uwanja mzima. Kaka yangu aliyewahi kukaa bara alinambia chui huua mmoja kwa kumkaba koo, humburuta, na akiweza humpandisha mtini, hafanyi uchafu ule. Walikuwa mbwa, na usiku wa nne tuliwaona, wanne, mmoja na kamba ya shingoni.

Ninachotaka kusema ni kwamba yule mzee hadi leo hasalimiwi na baadhi ya watu. Mbwa wameonekana, lakini jina lililotajwa halikurudishwa.

---

Mkaazi wa Kusini alijibu:

Bi Uwanda, umenisaidia kusema nililoshindwa kulisema kwa aya kumi. Wanaoandika kwa furaha kwamba «chui amerudi» wakumbuke kwamba katika baadhi ya vijiji vyetu habari hiyo haiji peke yake, huja na jina la mtu.

---

Mjukuu wa Makunduchi aliandika:

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nina swali dogo. Nyumbani kwetu kuna kucha lililofungwa kwa fedha, bibi alikuwa akiwafunga nalo watoto wenye degedege. Inasemekana ni la chui aliyeuawa na kaka yake. Je, kitu kama hicho kina maana yoyote kwenye mjadala huu au ni kumbukumbu ya familia tu?

---

Mkaazi wa Kusini alijibu:

Kina maana kubwa, ndugu yangu, pengine kuliko kila kitu kilichoandikwa humu tangu mwanzo. Sisi tunatazama vichakani, na huenda jibu la lini chui wetu alikwisha limo makabatini mwetu. Ngozi sita za makumbusho ni chache mno. Kucha, jino au kipande cha ngozi ambacho familia inajua chui aliuawa na nani, wapi na mwaka gani, ni kitu ambacho mtaalamu wa vinasaba anaweza kukilinganisha na ngozi ile ya London.

Usilichemshe, usilisugue, usilipake mafuta, na usimkubalie mtu yeyote anayetaka kulinunua, kwa sababu biashara ya viungo vya chui kati ya nchi na nchi imezuiwa kimataifa na utajiingiza kwenye balaa. Kaa na bibi, kama yuko hai, umwulize taratibu. Usianze na chui. Anza na kaka yake: alikuwa akisaka na nani, walikuwa na bunduki au nyavu na mikuki, na siku hiyo ilikuwa kabla au baada ya harusi ya nani. Wazee wetu hawahesabu miaka, lakini harusi hawazisahau. Andika kama anavyosema, hata yale ya chui wa kufugwa usiyakate.

---

Mjukuu wa Makunduchi alijibu:

Bibi yuko hai, alhamdulillahi. Nitakwenda Ijumaa. Kwa kumbukumbu zangu aliwahi kusema ilikuwa mwaka ambao mama alikuwa na mimba yangu, na mimi nimezaliwa 1988.

---

Msasi Mstaafu alijibu:

Ukimaliza kwa bibi, kijana, nipigie na mimi. Wale wenzangu wawili wa alfajiri ile, mmoja bado yuko, na mkia aliutazama yeye.